Vile array ilinipatia jina ya kaka yangu mukubwa, marehemu

Wakuu, nawasalimu toka Butembo, Congo, commune ya Kimemi. Hii kitu ilinifikia mimi mwenyewe. Sitaongeza chumvi. Pale sikumbuke vizuri, nitasema sikumbuke.

Sina masomo mengi. Programming nilijifunza peke yangu kwa telefone, kisha kwa kompyuta ya mitumba. Naishi peke yangu, chumba moja. Kuna siku mutu wa kwanza kusikia sauti yangu ni mama, jioni, akinipigia toka Beni. Anakaa kule commune ya Ruwenzori na binti ya dada yake, Masika.

Mutualité, chama ya kusaidiana ya watu wa kwetu, iliniomba programu ndogo ya kuandika familia. Nikafanya kila familia object moja: jina ya mama, kijiji, na ndani yake array, ni kusema orodha, ya batoto. Kila mutoto, anakaa wapi, anafanya kazi gani.

Sasa muone akili yangu.

Kwetu Banande jina inafuata kuzaliwa. Kijana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Nikajiambia, kuandika majina ni ya nini? Nikaweka majina yote kwa array ingine pembeni, programu ijichagulie yenyewe kwa index, ile namba ya pahali mutoto anasimama ndani ya orodha. Nilijiona mwerevu, nikacheka peke yangu ndani ya chumba.

Mutualité walitaka batoto benye bako bazima tu, hapana marehemu. Hawakukosea, ndiyo kazi yao.

Kwetu tulizaliwa vijana watatu. Kambale alikufa na ugonjwa tukiwa tumeshakuwa wakubwa. Mimi ni Kasereka. Donc nikamutoa Kambale kwa splice, amri ya kutoa kitu ndani ya array. Nafikiri roho iliniuma kidogo, ao labda ni sasa ndiyo naona hivyo. Sijue.

Benye kujua wameshaona. Splice haiachi shimo. Inasogeza. Mimi wa tatu nikakuwa wa pili, na programu ikanipatia jina ya wa pili.

Familia yetu sikuiangalia. Niliangalia za wengine zenye hazina marehemu, nikaona iko sawa, nikatuma link, mupaka kwa Masika.

Masika akaifungua, akamusomea mama, kwa sababu macho ya mama hayaoni tena maandishi madogo: "Paluku, Beni, anaendesha pikipiki. Kambale, Butembo, fundi wa kompyuta."

Jioni mama akapiga.

"Kambale iko Butembo?"

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nyuma yake nikasikia Masika, mwenye ananiita Yaya, kaka yake: "Yaya, mashini yako inabatiza watu bila padri!" Hakuwa na ubaya, alitaka kutuchekesha. Mama hakucheka.

"Mama, ni kosa ya programu."

"Nilijua," akasema. "Nilijua, mais nilipenda kuuliza."

Akakata.

Kutoka pale hakupiga tena. Nikipiga mimi, Masika anajibu juu ya mama: "Tantine iko shambani." Inawezekana kweli alikuwa shambani, siwezi kumushitaki. Lakini jioni zile nilisikia tu feni ya kompyuta.

Kurekebisha haikuwa ngumu. Kila mutoto nikamupa object yake ndani ya array: jina yake mwenyewe, namba ya kuzaliwa, na kama yuko ao hapana. Hakuna mwenye anatolewa. Ukitaka bazima tu, unatumia filter: inakupa array ingine, ile ya kwanza inabaki nzima.

Kisha nikapanda gari mpaka Beni, kompyuta kwa magoti. Nikaketi mbele ya mama. Ilibakia pahali pamoja: Kambale, anakaa wapi? Nikamuambia naweza kuandika "marehemu".

"Hapana. Andika jina yake. Pa kukaa, uache."

"Mama, programu itaniuliza."

"Basi ikuulize. Mimi pia najiulizaka."

Akamuambia Masika asome tena toka mwanzo. Masika, safari hii bila muchezo, akasoma: "Paluku, Beni." Akapumzika kidogo. "Kambale." Akapumzika tena. "Kasereka, Butembo."

"Eee," mama akasema. "Ni hao."

Siku hizi anapiga tena. Anasema kidogo tu, mais anapiga.

Chenye nilijifunza: index inasema kitu kinasimama wapi leo, haisemi kile kitu ni nani. Ukitoa kimoja ndani ya array, wale wa nyuma wote wanahama, na hawatakuambia.

Wakuu benye muna uzoefu, munikosoe bila haya. Pale mama alisema niache, mimi niliweka null, ni kusema hakuna kitu kabisa. Kuna mwenye anaona string tupu, maandishi bila herufi, ni bora? Sina hakika. Nyinyi mungeweka nini?