Waya wa Hamisi, Waya wa Tatu, Waya Wangu

Wenzangu mliokulia Kibaha mtanikubalia: enzi zetu gari la nyumbani lilikuwa mtu wa familia. Likiumwa, linauguzwa uani, na watoto wote tunahusika. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea mihogo kutoka shamba letu la Pangani, hapohapo Kibaha. Kila Jumamosi, tukishafua sare za shule na kabla hatujakimbilia mchezo wa rede, alifungua boneti pale nyumbani Misugusugu akatuita kwa mluzi. Harufu ya oili iliyochanganyika na tui la nazi kutoka jikoni kwa Mama ninayo puani hadi leo.

Ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko zote. Kesho yake dada yetu mkubwa, Mwajuma, alikuwa anatolewa mwali kwa Bibi, Kisarawe. Alikuwa amemaliza shule, ameshachumbiwa, na kwa desturi yetu ya Kizaramo akawekwa ndani kufundwa. Hatukuruhusiwa kumwona. Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, na tangu aondoke kitanda kilikuwa kikubwa mno. Ngoma ingeanza jua linapochomoza, kwa hiyo ilibidi tutoke alfajiri kungali giza, na pikapu haikuwa na taa ya mbele hata moja inayowaka. Mama alishatoa hukumu: "Taa zisipowaka, mimi natangulia leo jioni kwa basi. Watoto watabaki." Nililia palepale, bila aibu.

Baba akatenganisha betri, akachomoa taa. Soketi za nyuma ya balbu, vile vidude vya plastiki vinavyoshika nyaya, zilikuwa zimeyeyuka kwa joto, na meno yake ya shaba yamekuwa meusi kama ukoko wa wali. Alikuwa ameshapata nyingine kwenye magari mabovu, ila nyaya zake zilikuwa zimefifia, zote rangi ya vumbi. Sasa utajuaje upi ni upi? Baba alikuwa na njia yake: kila waya alimpa mtoto. Wa kumulika mbali ulikuwa wa kaka yangu Hamisi, mwenye sauti kubwa kuliko wote. Wa kumulika karibu ulikuwa wa Tatu, kitinda mimba wetu. Wa kurudisha umeme kwenye bodi la gari ulikuwa wangu mimi, Zuhura. Unaushika, unakaa nao, hubanduki. "Ushike kama mkono wa mgeni," alituambia, "usibane, usiachie." Akiita "Zuhura!" nampa ncha, anaisugua kwa msasa, anaisokota, anaiunga kwa risasi aliyoiyeyusha kwa msumari wa moto kutoka jiko la mkaa, kisha anaifunga utepe mweusi.

Upande wa kushoto uliisha vizuri. Tulipoanza wa kulia, Mama akatoa sinia la mihogo ya nazi. Nani abaki na waya? Tulitoka mbio wote. Tuliporudi jua lilikuwa limehama, tukagombania kivuli, tukaketi hovyo, kila mmoja akashika waya ulio karibu naye. Baba akaita majina, tukatoa ncha, akaunga kwa makini yake yote. Akawasha. Kushoto taa ikang'aa, kulia ikawa nyekundu hafifu kama kaa linalozimika. Akawasha tena, vilevile. Mama akaanza kukunja kanga zake na kuzitia mkobani.

Baba akatutazama mmoja mmoja, vidole vyetu vyote vina tui. "Tatu, kabla ya mihogo ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapo alipo Hamisi, Baba. Jua lilikuwa linanichoma."

Alicheka mpaka akakalia tairi. "Kumbe siungi nyaya, naunga wazururaji!" Akakata nyaya zote, akamrudisha kila mtu mahali pake juani, akaanza upya. Safari hii Mama mwenyewe alitulisha mihogo mdomoni ili tusinyanyuke.

Zikawaka zote mbili. Tulipiga vigelegele utadhani mwali katolewa kwetu. Alfajiri tukakatiza njia ya vumbi ya Kiluvya, taa zikimulika mikorosho, sisi watatu nyuma tumejifunika mkeka mmoja, tunaimba hadi sauti zikakauka. Mwajuma alitolewa nje akiwa amepakwa mafuta, anang'aa, macho chini kama alivyofundishwa. Hamisi akashindwa kuvumilia, akaliita jina lake. Mwali haruhusiwi kucheka. Alicheka. Bibi akamfinya, akacheka zaidi, na mimi nikalia tena, sasa kwa furaha.

Vijana wa leo, wanangu wakiwemo, taa ikizima wanaipiga picha na kumtumia fundi, naye anakuja na taa nzima mpya ndani ya boksi. Juzijuzi mwanangu aliniuliza boneti ya gari lake inafungukia wapi. Simlaumu, anafika kazini mikono yake misafi. Mwajuma sasa anaishi Soga, na treni inasimama karibu na kwake. Hamisi, Tatu na mimi, kila mmoja ana gari lenye taa za kumulika mpaka Morogoro. Tunaonana kwenye simu. Zamani tulikuwa na pikapu isiyo na taa, na tulifika.