Miaka Mitatu Iliyokosekana kwenye Dosiye

Nimekuwa katibu wa masomo katika chuo kimoja cha theolojia hapa Bunia kwa miaka kumi na sita, na kazi hiyo imenikaa vizuri kwa sababu mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba siku nikifika mbinguni nitamdai malaika wa mlangoni kitambulisho. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mtu akiniambia amesoma, namwomba karatasi. Akinipa karatasi, naigeuza nione kama muhuri umegandamiza mpaka upande wa pili.

Maprofesa wetu nawajua kwa dosiye zao, yaani majalada yao ya kazi, kuliko kwa mahubiri yao. Wasifu wao karibu wote huanza sawa: alizaliwa katika familia ya Kikristo, akabatizwa, akasikia wito, akasoma hapa, akapelekwa nje, akarudi na udaktari. Lakini ukikaa nazo utaona mambo. Anayefundisha historia ya Kanisa amezaliwa katika miaka miwili tofauti, inategemea umefungua dosiye ipi. Mwingine aliandika ukurasa mzima juu ya wito aliousikia akipalilia maharage, ila mahali pa jina la aliyemsimamia tasnifu akaacha patupu. Wote wawili niliwabana. Walinuna wiki moja, kisha wakaleta kilichokosekana.

Aliyenishinda alikuwa profesa wa Kiebrania. Yeye ni mtu wa Kpandroma, kule juu milimani, mrefu, mpole, sauti yake ya chini hata wanafunzi wa nyuma hulalamika. Mwaka huu tulikuwa tunangoja wakaguzi kutoka Kinshasa ambao wangeamua kama chuo kitaruhusiwa kuongeza ngazi ya masomo. Kila mwalimu alitakiwa kueleza maisha yake ya kazi mwaka kwa mwaka, bila shimo, ndipo dosiye ihesabiwe kamili na jina lake liingie kwenye orodha ya kupelekewa wakaguzi. Dosiye ya profesa wa Kiebrania ilikuwa na shimo la miaka mitatu. Alimaliza masomo yake ya kwanza, halafu kimya, halafu anaonekana ng'ambo akianza udaktari, kama mtu aliyezama huku akaibukia kule.

Nilimwita ofisini.

"Prof, hapa inakosa miaka tatu."

"Ile miaka nilikuwa kwetu, mama."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa kwetu tu."

Akaniaga kwa adabu zake zote, akaenda darasani. Nilibaki nikiikodolea macho karatasi. Mtu aliyesoma, kijana, mwenye nguvu, akae miaka mitatu milimani bila kanisa, bila shule, bila hata kusimamia kwaya? Nikahesabu miaka ile ilikuwa miaka gani huko Djugu, wilaya yao, na nani alikuwa anatembea na silaha vichakani wakati wa vita.

Tangu hapo kila alichofanya kikawa ushahidi. Kwenye mikutano ya walimu aliketi akiutazama mlango. Kila Jumatano, kwenye ibada ya asubuhi, mwalimu mmoja husimulia jinsi Mungu alivyomwongoza mpaka hapa. Zamu yake ilipofika alisimulia utoto wake, akasimulia masomo yake, akaruka palepale pa miaka mitatu, akafunga kwa maombi. Nilikuwa mstari wa pili na niliona alivyomeza mate.

Afadhali niseme ukweli wangu. Mimi ni wa Boga. Yeye ni wa Kpandroma, na vita vya huku viliwapiganisha watu wa kwetu na watu wa kwao. Ndani ya uzio wa chuo sote tunaitana ndugu na tunashiriki meza moja ya Bwana, lakini hapa Ituri mtu akisema anatoka wapi, kuna hesabu inayofanyika kichwani mwa msikilizaji kabla hajamaliza kutabasamu. Angekuwa mtu wa Boga, labda ningeandika "alikuwa nyumbani" na kugeuza ukurasa.

Nilimpelekea mkuu wa kitivo jambo hilo. Yeye ni mtu asiyependa mzigo kukaa mezani kwake.

"Kama wiki ijayo dosiye haiko komplé, tutamutoa ku liste," akasema. "Na akitoka ku liste, hatafundisha tena hapa. Nitafanya nini miye?"

Kwa hiyo kazi ya yule mtu, pamoja na nyumba ya chuo anamoishi na mke na watoto wanne, ilikuwa mikononi mwangu. Sitadai kwamba nilisikitika. Nilijiona mtu muhimu.

Simu ya kanisa la Kpandroma haikushika, na hata ingeshika, wakaguzi hutaka karatasi yenye muhuri. Nikaandika barua. Niliuliza waziwazi: katika miaka hiyo mitatu, huyu mtu alikuwa anafanya nini huko, na je, kanisa linaweza kushuhudia kwamba hakujihusisha na mambo ya silaha? Nikaongeza kwamba yeye mwenyewe amekataa kusema, na kwamba bila jibu atapoteza kazi. Nikaifunga vizuri, nikaandika juu ya bahasha "Kwa Kanisa," nikamkabidhi dereva wa pikipiki anayepandisha abiria huko.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe si la mgeni. Nimelelewa kanisani. Najua kabisa kwamba barua ikiandikwa kwa mchungaji ni ya mchungaji, lakini ikiandikwa kwa kanisa ni ya kanisa, na barua ya kanisa husomwa mbele ya kanisa, Jumapili, wakati wa matangazo, baada ya habari za wagonjwa na kabla ya sadaka. Kule kwetu Boga tuliwahi kusomewa hivyo barua ya mtu aliyekuwa anaomba mchumba. Nililijua hilo, na kalamu yangu ikaandika "Kwa Kanisa" kwa sababu niliona linapendeza kwenye bahasha.

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, pikipiki ilisimama mbele ya ofisi. Akateremka mama mzee, amefungwa kitenge kifuani kuzuia baridi ya njia, uso wote vumbi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjika kifuani na mguu wa upande huo aliuburuta. Alikataa kusaidiwa na dereva. Aliingia, akaketi kwenye kiti cha wageni, akatoa barua yangu kutoka kwenye kitenge, akaiweka mezani.

"Weye njo uliandika hii?"

"Njo miye, mama," nikakiri kuwa ndiye mimi.

"Miye njo mama yake."

Nilisimama, nikamletea maji. Hakuyagusa.

"Balisoma barua yako mu kanisa," akasema. "Yote. Batu bote balinigeukia. Benye balijua ile miaka balishakimbia, hatujue kama beko wapi. Bale benye balibaki baliniuliza, mama, kumbe mutoto yako alikuwa mu pori? Bazee ba kanisa balinipatia barua, balisema, jibu iko na weye."

"Mama, unisamehe, sikutaka..."

"Andika."

Nikachukua kalamu. Sijui kwa nini nilitii haraka vile.

"Miye niliugua. Upande moja ya mwili ilikufa, siwezi kusimama, siwezi kujigeuza. Baba yao alishakufa. Mabinti yangu babili balishakufa. Alibaki yeye tu, njo alitoka kumaliza masomo, alikuwa hajaoa. Alikuja. Miaka tatu alikuwa ananiogesha. Ananibadilisha nguo. Ananipeleka inje, ananisafisha. Miye mama yake. Unasikia? Mutoto mwanaume."

Nilisikia. Kalamu ilikuwa imesimama. Mwanamke wa rika lake, wa huku kwetu, afadhali alale katika uchafu kuliko mwanawe wa kiume auone mwili wake. Wanawake wa ukoo huitwa, binti wa mbali hutafutwa, hata mtoto wa dada. Kumbe kwake hakukuwa na wa kuitwa, au vita vilikuwa vimewatawanya.

"Kila asubuhi alikuwa anafunga mulango," akaendelea. "Majirani balizania iko mama mukubwa yake anakuja kunisaidia. Nilimuapisha mu Biblia: hautasema kwa mutu, hata kwa muke yako. Alishika. Balitaka kumufukuza kazi hapa, na alishika. Sasa miye njo ninasema. Andika."

"Mama, inatosha nikiandika ulikuwa mugonjwa na yeye alikutunza."

"Barua yako iliuliza alikuwa anafanya nini. Andika kile alikuwa anafanya."

Niliandika. Aliponiona nimenyanyua kalamu akasema nisome. Nilisoma kwa sauti ndogo, akaniambia nipandishe sauti, kwa sababu sikio la upande ule nalo lilikuwa limeharibika. Kwa hiyo nikasoma kwa sauti ya kanisani, dirisha wazi, wanafunzi wakipita: kwamba kwa miaka mitatu alimwogesha mama yake, akambadilisha nguo, akamsafisha. Yeye aliitikia kila sentensi kwa kichwa, huku machozi yakimshuka bila kuyafuta. Kisha akatumbukiza kidole gumba cha mkono mzima katika wino wa muhuri wangu, akakigandamiza chini ya karatasi.

Nilipoinua macho, profesa alikuwa mlangoni na chaki mkononi. Sijui alisimama pale tangu lini. Alimwambia mama yake neno moja kwa lugha yao, naye akamjibu kwa ukali, kama anavyojibiwa mtoto. Nimetaka kujua mambo ya watu maisha yangu yote, lakini yale maneno sikutaka nitafsiriwe.

Akanigeukia. Afadhali angekasirika.

"Mama sekretere, sasa dosiye iko komplé?"

"Iko komplé, Prof."

Akamshika mama yake mkono ule wenye wino, wakatoka polepole, kwa mwendo wa mguu unaoburutwa, wakipita katikati ya wanafunzi.

Nilikaa na karatasi hadi mkuu wa kitivo alipokuja kuuliza. Aliisoma akiwa amesimama, akakohoa, akasema ni vizuri, tatizo limekwisha, abaki kwenye orodha. Kisha akanikumbusha kwamba dosiye hutolewa nakala tatu: moja ya kitivo, moja ya wakaguzi, moja ya kuhifadhiwa. Nilitaka kumwambia hii tusitoe nakala. Lakini mimi ndiye niliyeweka sheria hiyo, na ndiye ninayewagombeza wengine wakiisahau. Nikaenda kwenye mashine, nikazitoa zote tatu.