Kahawia ya Mama

Mama yangu alikuwa mpika rangi. Sasa hapiki tena, na aliyemfanya aache ni mimi.

Kwao Matinyani kuna kikundi cha akina mama wanaosuka viondo, vile vikapu vya makonge, na kwa miaka mingi kazi ya rangi ilikuwa yake peke yake. Wenzake walisokota nyuzi mapajani na kusuka huku wakipiga soga. Yeye alichemsha magome kwenye sufuria kubwa iliyoungua, akaopoa uzi mmoja kwa kijiti, akautazama juani, akaurudisha. Hakuwa na saa wala kipimo. Kahawia yake ilikuwa tulivu, kama udongo wa kichuguu mvua ikishapita, na wachuuzi wa sokoni Kitui waliijua bila kuuliza imetoka wapi.

Mimi nina studio ya picha Nunguni. Napiga harusi, mahafali na watu waliovaa vizuri wakienda kanisani. Siku moja mama alinipigia simu akasema kuna mnunuzi wa Nairobi anayetaka kuona picha za viondo, "na wewe si ndio mtu wa kamera?" Nikaenda na mbwembwe zangu zote, begi la lenzi mgongoni, nikiwaambia akina mama wasogee huku na kule kana kwamba nimetumwa na serikali.

Jua lilikuwa kali, kwa hiyo waliviweka viondo chini ya turubai la buluu. Nililiona turubai lile. Nilijua kwamba buluu yake ingemwagikia kila kitu chini yake, na nilijua pia kwamba kulifungua ni kazi ya dakika tano. Lakini nilikuwa na haraka ya kurudi Nunguni, na nilikuwa napiga raw. Picha ya raw huwa ni mwanga tu uliohifadhiwa jinsi ulivyoingia kwenye kamera. Rangi yenyewe huja kuamuliwa baadaye na anayeketi mbele ya kompyuta. Ndiyo maana wengi wetu tumekuwa wavivu. Nikajiambia nitarekebisha mbele ya safari.

Studioni viondo vilionekana vimepauka, vya kibuluu, kama vitu vilivyougua. Nikapandisha joto la rangi hadi ile buluu ikaondoka. Hapo ningepaswa kuachia. Kiondo cha mama, alichonipa cha kuwekea vitunguu, kilikuwa kimening'inia ukutani nyuma yangu. Nilichohitaji ni kugeuza shingo tu. Sikugeuza. Niliongeza wekundu kidogo, nikapenda, nikaongeza tena, mpaka kahawia ya mama ikawaka. Nikajipongeza kwa sauti, peke yangu.

Mnunuzi naye aliipenda. Akaagiza viondo vingi vya rangi ileile ya kwenye picha. Vile nilivyovipiga vilikuwa vimeshauzwa sokoni, kwa hiyo picha ndiyo iliyobaki. Akina mama walisuka karibu miezi miwili, wakatuma mzigo, na mzigo ukarudi. Mnunuzi alisema rangi siyo.

Mke wa kaka yangu ndiye aliyenipigia. Naye yumo kwenye kikundi.

"Shem, mambo si mazuri," akasema. "Tumebandika ile picha yako ukutani, tukaweka kiondo kando yake. Zimeachana kabisa. Mama anapika rangi imefifia na hajui. Nafikiria ni macho."

Nikasema, "Eh?" Hilo tu. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti kilekile nilichokalia nilipoongeza wekundu.

Ningeweza kuyamaliza mambo kwa sentensi moja. Lakini picha ile ilikuwa imenipa jina. Vikundi vya mbali, hadi Tseikuru, vilikuwa vikinipigia vikitaka picha "kama ile ya wamama wa Matinyani". Nikaufyata ulimi. Nilijiambia mambo yatatulia yenyewe.

Mama hakutulia. Aliongeza magome, akachemsha siku nzima, akachomoa uzi na kuusogeza kwenye picha, akatikisa kichwa, akaanza upya. Wenzake wakaanza kumwonea huruma, jambo ambalo hakulizoea. Mwishowe aliniomba nimpeleke kwa daktari wa macho mjini Kitui. Daktari alimpima kwa upole, akasema mtoto wa jicho ameanza, lakini ni kidogo sana, ni wa umri tu, na mama anaona vizuri. Mama alisikia nusu ya kwanza tu.

Tulipotoka aliketi kwenye benchi la nje. "Kumbe ni kweli," akasema. "Nilikuwa nabishana na watoto wa watu bure."

Nilimnunulia soda. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: mama yangu aliacha kuyaamini macho yake mbele yangu, nami nikaenda kumtafutia soda baridi.

Wiki hiyo alimkabidhi mke wa kaka yangu sufuria. Mke wa kaka akanunua rangi ya unga dukani, akaichanganya hadi ikafanana na picha. Mnunuzi akafurahi. Kwa hiyo wekundu nilioubuni kwa kidole ndio sasa rangi ya kikundi, na ile kahawia haipo tena sokoni.

Mwezi uliopita nilimkuta mama uani akichambua maharagwe. Alikuwa akichukua punje moja moja na kumuuliza mke wa kaka, "Hii ni nyekundu ama ni ya kahawia?" Mtu aliyekuwa akiziita rangi kutoka kwenye magome! Nilishindwa kuvumilia. Nikaleta kompyuta, nikaketi chini karibu naye, nikafungua ile raw.

"Mwaitu, ni mimi niliharibu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Macho yako hayana shida. Ona. Hii ndiyo rangi yako. Halafu mimi nikafanya hivi." Nikasogeza kidole, viondo vikawaka. Nikarudisha, vikatulia. Nikasogeza tena, nikarudisha tena, ili aelewe.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka, akanipiga kidogo mkononi.

"Wewe tangu utoto hupendi kuniona nikisikitika."

"Si hivyo, Mwaitu. Hii ndiyo ya ukweli."

"Si nimeona saa hii ukibadilisha na kidole? Umeifanya ikuwe vile mimi napenda. Mungu akubariki."

Nilimwambia tena, kwa sauti ya juu zaidi. Akatikisa kichwa kwa upole ule wa kumvumilia mtoto, akamwita mke wa kaka yangu. "Kuja uone kijana yangu. Amenitengenezea picha na rangi yangu, ati nisihuzunike."

Mke wa kaka aliinama akatazama. Nilimwona akielewa. Aliitazama kompyuta, akanitazama mimi, kisha mikono yake mwenyewe iliyokuwa bado na wekundu wa rangi ya dukani.

"Ni kweli, mama," akasema. "Shem anakupenda sana."

Mama akafurahi, na safari hii pia nilinyamaza.