Tatuu mbichi, kanzu nyeupe na ndoa ya dada: yaliyonikuta Kibiti

Wakuu, habari za mapumziko.

Nilijiapiza hii kitu nisiisimulie popote, lakini kila nikiutazama mkono nacheka peke yangu, kwa hiyo bora tucheke wote. Chumvi siongezi, ujinga wenyewe unajitosheleza.

Mimi ni mtoto wa delta. Marehemu mzee wangu alikuwa anavua kaa kwenye mikoko, na kaa hao ndio walionisomesha. Baadaye mama akahamia Kibiti, mimi nikaja Dar kutafuta.

Sasa dada yangu akapata mchumba. Mzee hayupo, na kaka ni mimi peke yangu, hivyo walii wa kumwozesha ni mimi.

Wiki ya ndoa yenyewe nikashikwa na hisia za kumkumbuka baba. Mtu mwingine angesoma dua. Mimi nikaenda kuchora tatuu ya kaa, mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, magando yameinuliwa.

Ndiyo, najua. Familia ya Kiislamu, ndoa ya dada, na walii ana tatuu mbichi.

Mchoraji alinielekeza vizuri tu: osha taratibu kwa sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta kidogo sana, usiifungefunge, na hata ikiwasha vipi usikune. Nikaitikia kila neno kama mwanafunzi bora.

Kufika Kibiti nikamwambia mama nimeungua na ekzosi ya bodaboda. Hakuuliza kitu. Akaenda nyuma ya nyumba, akaniletea jani la shubiri. Asubuhi yake akatandua shuka nililolalia akalifua. Mimi nikajipongeza kwamba uongo umepita.

Siku ya ndoa, ili kanzu isichafuke, nikajipaka mafuta mgando ya kutosha kukaangia chapati, nikazungushia nailoni, kanzu juu. Joto la Kibiti mnalijua. Wageni kutoka Ikwiriri wanafika, mle ndani ya nailoni mnatokota.

Tukakaa kwenye mkeka, mimi na bwana harusi, tumeshikana mikono ya kulia. Sheikh akaanza kunisomesha maneno ya kuozesha nami nayafuata.

Hapo ndipo mkono ulipoanza kuwasha.

Aisee, si kuwasha kwa mbu. Nilihisi kaa mwenyewe anatafuta pa kutokea. Nikauma meno, nikasoma kila dua ninayoijua. Nilipofika "nimekuozesha dada yangu", nikachomoa mkono nikajikuna kwa nguvu zote juu ya kanzu.

Sheikh akaacha kusoma.

Wakuu, kwetu walii akichomoa mkono katikati ya maneno, hakuna anayefikiria upele. Wanaelewa amemkataa bwana harusi. Minong'ono ikaanza upande wao, mjomba wake akanyanyuka kutafuta viatu. Ndani kwa wanawake maongezi yakakatika, nikajua dada ameshaambiwa. Niliogopa kweli. Namvunjia dada yangu ndoa kwa ajili ya mchoro.

Sheikh akaniuliza kwa upole, "Una neno na huyu kijana?"

Sikuwa na namna. Nikapandisha mkono wa kanzu. Nailoni, mafuta, wino, vigaga vimebanduka, kanzu ina doa jeusi.

"Sina neno naye, sheikh. Ni huu mkono unawasha."

Akautazama weee. "Hilo tutazungumza," akasema. "Futa mafuta, mpe mwenzio mkono."

Bwana harusi mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nikaozesha mpaka mwisho, machozi yananitoka. Wazee wakadhani ni uchungu wa kumtoa dada.

Jioni wageni walipoondoka mama akaniita uani. Akauosha ule mkono kwa maji na sabuni, taratibu, kama alivyosema mchoraji. Nikaanzisha tena habari za ekzosi.

"Ekzosi haina miguu," akasema. "Nilimwona kwenye shuka, wino wote umejipiga pale. Nikajua umemchora kwa ajili ya babayo, nikanyamaza."

Halafu akaugeuza mkono kwenye mwanga. Pale nilipojikuna, vigaga vilitoka na wino wake. Magando yote mawili hayapo.

"Kwenye shuka alikuwa kaa, mwanangu. Sasa umebaki na buibui."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Mimi nikalia, sikuona hata aibu.

Funzo: tatuu mbichi ni kidonda. Iache ipumue, mafuta kidogo, na kucha zako ziweke mfukoni. Na kama una ndoa ya kusimamia, subiri kwanza uozeshe.

Mkono umepona. Mchoraji anasema magando yanarudishika, ila mama kaapa nikirudi huko atamkumbusha sheikh yale mazungumzo.

Nyie tatuu zenu mlizificha vipi nyumbani? Shusheni hapa tucheke. Mimi shemeji akinipigia simu siku hizi jina langu halitaji tena, anasema, "Buibui, dada yako anakusalimia."