Samaki wa Tantine

Juzi nilifungua chupa ya dawa ya shaba ya kunyunyizia nyanya, na harufu yake ikanirudisha utotoni, mtaa wa Panda, katika sebule ya tantine, dada wa mama yangu. Tangu mama aniache kwake, tantine alinifungia ndani kila alipokwenda kazini. Nilibaki na samaki wake wa baharini, mmoja tu, wa manjano, ndani ya tangi la kioo.

Siku moja samaki alianza kujikuna kwenye mawe. Mapezi yake yalikuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, na alihema upesi upesi. Tantine aliporudi, aliinama akamtazama.

“Ni badudu, mwana. Banamukula ngozi.”

Alimhamishia kwenye ndoo ya maji ya chumvi, akatia dawa ya shaba tone kwa tone. Tangi likabaki bila samaki, ili wadudu waliosalia wafe kwa njaa. Kwa wiki kadhaa, mchana kutwa nilichutama kando ya ndoo, nikimwomba asife.

Hakufa. Vidoa vilitoweka, akaanza kula.

“Tantine, sasa amepona, atarudia kwabo, baharini?”

“Kwabo ni wapi? Kwake ni hapa tu.”

Akamrudisha kwenye tangi la kioo. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, sikuuliza mama atakuja lini.