Mti wa Nyuma Kabisa

Mama mkwe wangu akichora mti haanzi na shina. Hulowesha karatasi, akadondosha tone la rangi ya maji, kisha akaiinamisha huku na huku mpaka maji yenyewe yachague matawi, naye akiyabembeleza, "Haya nenda, usione haya." Vidole vyake havitakati, vikombe vyetu vyote vina alama za kijani. Miti ikikauka huikata kwa mkasi wa kushonea na kuibandika kwenye kadibodi, mmoja mbele ya mwingine, mpaka uwe msitu. Akiridhika, mguu wake hubembea chini ya meza.

Juzi ulimtoka mti ambao mfano wake sijapata kuuona, majani yake yana mwanga kama alfajiri imejificha humo. Nikamsihi, "Mama, huu usiukate. Tuutie kwenye fremu."

"Mwanangu, mti mmoja kazi yake kuringa tu. Mimi nataka msitu."

Mkasi ukapita. Tena hakuubandika mbele. Aliupeleka nyuma kabisa, kikabaki kilele tu kinachungulia. Nilinuna mpaka jioni, jirani alipokuja kurudisha sufuria yetu. Alisimama mbele ya ile kadibodi, akasahau hata kuitua sufuria.

"Jamani, humu jua linatokea wapi?" akauliza, kidole kikienda moja kwa moja kwenye kile kilele.

Nikavimba kichwa utadhani mkasi niliushika mimi. Mama mkwe hakuinua macho. Chini ya meza mguu ulibembea, ukabembea, mpaka ndara ikaruka.