Bastola ya Bosi na Sahihi Mbili

Nilirudisha bunduki ya serikali Ijumaa moja asubuhi, nikatia sahihi, na koplo wa ghala la silaha akanipa mkono bila kuniangalia. Miaka ishirini na miwili, basi. Nilidhani mambo ya silaha yamekwisha. Kumbe ulimi hauna mfupa.

Katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, mawakala walijaa Nairobi wakitafuta madereva na walinzi wa kupeleka Saudia. Nilikwenda na cheti changu cha kustaafu polisi, nimekitia plastiki kisichakae. Nikamwambia wakala polisi ni polisi hadi kaburini, na kwamba hata baada ya kustaafu, rodibloki zote za kwetu napita kwa saluti. Hilo la pili lilikuwa kweli. Unasema tu "afande mwenzenu", kizuizi kinainuliwa.

Riyadh nikapewa filimbi. Ghala la mazulia la kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini kuingia nchini, karibu na Manfuha, lango moja, kiti kimoja cha plastiki, na jua. Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Kwa kuwa sijui kukaa bure, nikanunua daftari nikawa naandika kila kitu kama tulivyoandika kituoni kwenye kitabu cha matukio, ile OB yetu: saa, gari lililoingia, nani kachukua nini, tia sahihi. Madereva wa malori walinicheka, lakini walisaini.

Binti yangu alikuwa anaolewa Desemba. Ni mtoto wangu wa pekee. Mama yake tulimzika yeye akiwa darasa la sita. Nilimwahidi nitamshika mkono mimi mwenyewe hadi mbele ya kanisa. Lakini kule hutoki nchini bila karatasi ya kafili, na tangu Aprili nilikuwa naiomba. Jibu lilikuwa lile lile: bukra, inshallah, yaani kesho. Nilichoka hadi nikachoka kuchoka.

Novemba bosi akaniita. Alikuwa anahamia nyumba yake ya Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, na alitaka mlinzi wa kumwamini. Akatoa bastola kwenye mkoba. Dereva wake, Mkenya mwenzangu, akanitafsiria: niivae chini ya shati, isionekane. Kibali kipo, cha jina la bosi. Mimi si nilikuwa polisi? Wakala alishamwambia. Tukifika Jeddah salama, karatasi yangu ataisaini siku hiyo hiyo.

Nilijua ni kosa. Msiniambie sikujua. Kibali cha silaha ni cha mtu, hakiazimwi kama jembe. Haki yangu ya kubeba iliishia pale kwenye ghala la silaha. Hata kwetu sikuwa nayo tena, seuze nchi ya watu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama. Mkono tu ndio ulikataa. Ulifungua daftari, ukaandika saa, namba ya bastola, risasi sita, nami nikamgeuzia bosi asaini. Dereva alifumba macho kwa aibu. Bosi alicheka mpaka akakohoa, kisha akasaini.

Mkewe na watoto walipanda ndege, sisi watatu tukaondoka na gari baada ya sala ya alfajiri. Ile njia ni jangwa mpaka macho yanauma. Miaka yangu yote kazini sikuwahi kuisikia silaha mwilini. Siku hiyo chuma kilinitafuna kiuno kila gari lilipotikisika. Bosi alilala kiti cha nyuma.

Alasiri tukafika kwenye kizuizi cha polisi. Alikuwa askari mtu mzima, masharubu yenye mvi. Akaangalia ikama zetu, vile vibali vya ukaazi, akamwona bosi amelala, akatupungia mkono twende. Yalikuwa yamekwisha. Sijui nini kilinipanda. Mwaka mzima na zaidi nimeitwa kwa miluzi kama mbuzi, na huyu hapa polisi, umri wangu, amechoka kama mimi. Nikampigia saluti. Nikatoa cheti dirishani, nikamwambia dereva amwambie mimi ni afande mwenzake.

Jogoo wa shamba hawiki mjini. Mzee yule alisoma cheti, akaniangalia usoni, kisha akaangalia nilivyokaa, nimelalia upande wa kushoto ili kiuno cha kulia kipumue. Akaniamuru nishuke taratibu, mikono juu.

Bosi aliamka. Alipoulizwa bastola imefikaje kwangu, alisema hajui, labda nimeiiba. Alisema hivyo akitazama simu yake. Dereva akanitafsiria. Silaha ya wizi, mgeni, jela ya miaka. Nikamwomba dereva alete daftari lililokuwa chini ya kiti changu.

Askari alifunua ukurasa baada ya ukurasa: mazulia, malori, saa, sahihi. Akafika kwenye namba ya bastola, akailinganisha sahihi na ile ya kwenye kibali cha bosi. Wakaenda kando, sauti zikapanda. Kisha akarudi kwangu, akasema polepole ili dereva anifikishie.

"Anasema kwenu ulikuwa polisi," dereva akaniambia. "Hapa ni mlinzi wa mazulia. Anasema cheti hakikuvuka mpaka, mzee. Umevuka wewe tu."

Nilimwambia nimeelewa. Halafu, haki ya Mungu sijui uso niliutoa wapi, nikamwonyesha askari mstari chini ya sahihi ya bosi, pa mtu aliyepokea silaha.  Akachukua kalamu yangu, akasaini, akaandika na saa.

Daftari liliniokoa na jela. Bosi alipiga simu mbili tatu, akaenda zake Al-Rawdah. Mimi nikapelekwa Jeddah kwenye mahabusu ya wanaorudishwa makwao. Karatasi niliyoiomba tangu Aprili ilisainiwa kwa siku mbili: halas, yaani basi, aondoke, asirudi. Lakini ndege ilikuwa jambo lingine. Tulikuwa wengi, tukilala kwa zamu, na kila asubuhi nilipouliza zamu yangu, nilijibiwa bukra.

Siku ya harusi nilinawa uso nikavaa shati langu safi. Saa za huko na za kwetu ni zile zile, kwa hiyo sikuweza hata kujidanganya. Saa nne juu ya alama, mdogo wangu alimshika mkono binti yangu. Nililia mbele ya wanaume nisiowajua, wala sikujifuta.

Daftari walikuwa wamenirudishia, wakatoa ule ukurasa mmoja tu. Nikalifungua kwa mazoea nikaandika: Saa nne asubuhi. Afisa hakuripoti kwenye lindo. Sababu.

Hapo nikakaa sana. Nilitaka kuandika bosi, nikataka kuandika wakala. Mwishowe niliandika neno moja: saluti.